Maji Baridi Sikioni

Mji ule haukuwa na jina. Walisema aliyetumwa kulitamka jina lake mbele ya Ukuta alifika siku ambayo Msikiaji amelala, na kwa sheria ya pale, neno ambalo Msikiaji hakulisikia lilikuwa halijasemwa. Ndivyo walivyoishi. Mtu akipigwa, akinyang'anywa shamba, akifiwa na mwanawe kwa uzembe wa mwingine, alikwenda kwenye Ukuta, akaweka mdomo kwenye tundu, akasema. Upande wa pili aliketi Msikiaji, sikio lake la kulia limebanwa kwenye tundu hilo, na alipokwisha kusikia aliinuka akaenda kumsimulia Mkuu wa Mji. Alichokisimulia kilikuwa kimetokea. Asichokisimulia hakikutokea, hata kama damu ilikuwa bado mbichi mlangoni.

Mize alikaa nyuma ya tundu lile miaka kumi na tisa. Au siku kumi na tisa. Pale miaka haikufuata jua, ilifuata malalamiko, na ulikuwepo mwaka mmoja uliokwisha kabla ya adhuhuri kwa sababu mafuriko yaliwaleta watu wote Ukutani kwa pamoja. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, asiye na mume wala mtoto, akiishi na mdogo wake Raya katika nyumba ya vyumba viwili. Kazi yake aliipenda kwa namna ambayo watu wengine huwapenda watu. Alijua kwa pumzi ya kwanza kama anayesema amelia njiani. Alijua mwenye njaa, kwa sababu maneno ya mwenye njaa hukatika mwishoni. Na sikio lililofanya yote hayo lilikuwa moja, la kulia, kwa kuwa la kushoto sheria ililiacha liwe la nyumbani, la kusikilizia sufuria na majirani.

Kwanza zilipotea sauti nyembamba. Wanawake na watoto walikuja kwenye tundu na Mize akasikia upepo tu. Kisha ndani ya sikio ikaingia sauti isiyokuwa ya mtu, kama nyenje aliyekwama kwenye bati, na haikunyamaza, si mchana wala alfajiri. Baadaye shavu la kulia likafa ganzi, hata akawa anajing'ata anapokula bila kujua. Korido ya kwenda kwa Mkuu nayo ikaanza kuinama kama sakafu ya chombo kinachoyumba baharini, naye akajifunza kutembea akigusa ukuta kwa ncha za vidole, hata mtu akimtazama angedhani anapangusa vumbi.

Hakuficha. Hili alilirudia baadaye mara nyingi kichwani. Hakuficha. Alikwenda kwa Tabibu Ngwali, mganga wa Nyumba ya Usikivu, mtu wa mikono laini na kalamu ya wino wa kijani, akamweleza. Mwaka wa kwanza Ngwali alisema ni nta. Mwaka wa pili akasema ni mawazo, aolewe. Mwaka wa tatu akasema ni umri. Mwaka wa nne alimpulizia sikio, akamwambia afumbe macho asimame kwa mguu mmoja, akamwona akianguka kama gunia, akaandika mstari mrefu kwenye faili na kulifunga.

"Umeandika nini, Tabibu?"

"Nimeandika uko vizuri."

"Mbona nimeanguka?"

"Kila mtu huanguka, Bi Mize. Nenda kazini. Watu wanakungoja."

Akaenda. Kwa kuwa hakusikia vizuri, alianza kuwaomba watu warudie maneno. Sema tena, mama. Tena. Polepole. Watu walirudia, na katika kurudia walikumbuka mengine, na malalamiko yaliyokuwa ya dakika mbili yakawa ya saa nzima. Yakafika kwa Mkuu marefu, yana majina ya wahusika na majina ya askari na rangi ya milango iliyovunjwa. Mize aliona fahari. Alidhani ugonjwa umemfundisha kazi.

Kila mwaka palikuwa na Siku ya Mstari. Uani mwa Nyumba ya Usikivu ulichorwa mstari wa chokaa, upana wa kiganja, urefu wa hatua arobaini, na kila mwenye cheo aliupita mbele ya watu ili ionekane kuwa amenyooka. Kabla ya kuupita, aliketi kwenye kiti chenye mgongo wa kulala, akaoshwa masikio kwa maji ya uvuguvugu, asiingie mwaka mpya na uchafu wa maneno ya zamani. Mkuu peke yake hakuupita. Aliketi mwisho wa mstari, akitazama.

Mwaka ule Mize alipiga hatua saba. Ya nane haikuikuta ardhi pale ilipoiacha. Alipepesuka kulia, akajaribu kushika hewa, akaanguka juu ya meza ya matunda ya wageni, na alipotaka kuinuka akaanguka tena. Watu walicheka. Mkuu akainua mkono wakanyamaza. Akauliza, kwa upole kabisa, "Tabibu, ana nini huyu?"

Mize alikuwa amelala ubavuni, sikio la kushoto juu. Ndiyo maana alilisikia jibu vizuri sana.

"Amelewa," alisema Ngwali.

Hakuwahi kugusa pombe maishani. Mchana huohuo aliondolewa kwenye tundu, na jina lake likafutwa kwa rangi kwenye ubao wa Wasikiaji.

Raya ndiye aliyempeleka kwenye mji wa jirani, ambao ulikuwa na jina na hospitali. Kwa siku nzima walitembea wameshikana mikono, Mize akiapiza njia yote, na Raya akimwambia, "Dada, apiza, lakini tazama chini, kuna mawe."

Hospitalini walimlaza, nesi akammiminia maji ya barafu katika sikio la kushoto. Kwa muda wa pumzi chache hakuna kitu. Kisha dari likang'oka likaanza kuzunguka, na macho yake yakakimbia yenyewe kama panya, na akakishika kitanda kwa mikono miwili akiamini kwamba kinamwagwa nje dirishani. Alitapika. Walipommiminia sikio la kulia hakukutokea kitu chochote.

Daktari Nasra, mpasuaji mfupi aliyevaa kandambili, alikaa ukingoni mwa kitanda, upande wa kushoto bila kuambiwa.

"Hilo la kulia limekufa," alisema. "Sijui kwa nini bado, lakini tutaona. La kushoto ni zima, ndiyo maana umezunguka."

"Kwa hiyo kuzunguka ndiyo uzima?"

"Kwa maji ya barafu, ndiyo. Hata mimi ukinimwagia nitaanguka. Dakika mbili, tatu, kisha inapita."

"Mtu yeyote?"

"Mtu yeyote mwenye sikio zima."

Baadaye walimwingiza kwenye mashine yenye umbo la handaki, iliyogonga kama watu kumi wanaobomoa nyumba, na alipotoka wakamwonyesha picha ya kichwa chake. Kwenye neva ya kusikia na ya mizani ya mwili, pale zinapoingia kwenye ubongo, palikuwa na uvimbe mweupe wa ukubwa wa kungumanga. Si saratani, alisema Daktari Nasra. Hausambai. Unakua tu taratibu na kusukuma kila kitu kilicho karibu. Huenda uvimbe huo una umri wa miaka minane.

"Angeuona mtu miaka minne iliyopita?"

Daktari Nasra aliigusa picha kwa ncha ya kidole. "Ungekuwa mdogo, kama punje ya mtama. Tungeweza kuokoa usikivu. Labda na uso."

"Uso umefanya nini?"

"Bado. Lakini nitapita karibu sana na neva ya uso, na uvimbe umeing'ang'ania. Nataka ujue kabla hujatia sahihi."

Alitia sahihi. Walimpasua nyuma ya sikio kwa saa tisa. Alipoamka alikuwa watu wawili. Nusu ya kushoto ilikuwa Mize. Nusu ya kulia ilikuwa mwanamke aliyechoka asiyemjua, mdomo umening'inia, jicho lisilofumba, ambalo Raya alilibandika kwa plasta kila alipotaka kulala ili lisikauke. Nyenje alibaki. Sikio lilikuwa limekwenda kabisa na nyenje akabaki, akiimba ndani ya nyumba isiyo na mtu.

Alijifunza kutembea upya. Alisimama juu ya mto wa kitanda akiwa amefumba macho. Alitembea akigeuza kichwa kushoto na kulia huku Raya akimwonyesha vidole na kumuuliza ni vingapi. Mtu akimwita barabarani hakujua sauti imetoka wapi, na aligeuka mara tatu kama kuku kabla ya kumwona. Miezi ilipita, au ilikuwa mwezi mmoja uliokataa kwisha. Na katika miezi hiyo aliuliza swali ambalo hakuwahi kuwa na nafasi ya kuliuliza alipokuwa Msikiaji. Kama neno lisilosikiwa halikusemwa, basi miaka ile minne alipokwenda kwa Ngwali akasema nina mvumo, nina ganzi, sakafu inainama, alikuwa hakusema chochote. Basi aliyekuwa kiziwi ni nani? Na kama yule ndiye kiziwi, kwa nini ni yeye aliyeanguka?

Amelewa. Nimelewa. Umelewa, Tabibu. Alilizungusha neno hilo mdomoni wakati wa mazoezi, hatua moja kila herufi, likamshika mkono kwa nguvu kuliko Raya. Watu husema chuki hupofusha. Yeye ilimsimamisha. Alipoiacha kwa dakika moja, akawaza mambo mengine, ua ama mvua, alianguka. Aliporudi kumwaza Ngwali, mikono yake laini, wino wake wa kijani, ardhi ilitulia chini ya nyayo zake kama mnyama aliyeona fimbo.

Akarudi mjini.

Kazi ya kuosha masikio siku ya Mstari haikutakiwa na mtu. Ilipewa walioaibika, nao waliifanya wakiwa wameinamisha kichwa. Mize aliiomba, akaandikwa bila kuulizwa jina. Ilipokaribia zamu ya Ngwali alijipanga upande ambao lingeonekana shavu la kulia tu, lile la yule mwanamke mwingine. Hakuhitaji hata kujisumbua. Ngwali hakuwahi kumtazama muosha masikio usoni. Alikuwa amenenepa. Mwaka ule alikuwa ateuliwe msaidizi wa Mkuu, na kanzu yake ilikuwa mpya, bado ina mikunjo ya dukani.

Alilala kwenye kiti. Mize alichukua kikombe kilichofunikwa kitambaa. Tangu asubuhi kilikuwa ndani ya ndoo ya barafu aliyoipata kwa wauza samaki.

"Geuza shingo kidogo, Tabibu," alisema.

Akamimina sikio la kulia, polepole, kikombe kizima. Ngwali alishtuka.

"Maji baridi haya."

"Maji yamechelewa kuchemka, Tabibu. Nisamehe."

Alimpangusa taratibu, akihesabu pumzi. Alipofika thelathini akamshika mkono akamwinua, akamweka mwanzo wa mstari. Macho yake yalikuwa yameshaanza kukimbia. Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili ilikwenda kulia kama ya mtu anayevutwa shati. Ya tatu haikuwepo. Ngwali alianguka kifudifudi, akashika ardhi kwa kucha, akapaza sauti kwamba ua linapinduka, wamshike, na walipokuja kumshika aliwatapikia kanzu.

Watu walicheka. Kicheko kilimjia Mize kutoka upande mmoja tu, wa kushoto, lakini kilimtosha.

Mkuu akainua mkono. "Wewe uliyemwosha. Ana nini?"

Alikuwa ameyaandaa majibu mengi. Kwa usiku mwingi alitunga hotuba nzima, yenye miaka na mstari mrefu wa wino wa kijani. Yote yalimtoka. Lilibaki neno moja, nalo lilikuwa tamu kiasi kwamba alilishikilia ulimini kidogo kabla ya kulitoa.

"Amelewa," alisema Mize.

Dakika tatu baadaye Ngwali alikuwa amesimama wima, mzima kabisa, akisema kwa sauti ya kawaida kwamba yeye hanywi. Hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

Mize alikwenda nyumbani akala wali na Raya, akaomba aongezwe. Raya alimtazama dada yake akila kwa upande mmoja wa mdomo, akafurahi, kisha akaacha kufurahi. "Imekwisha sasa?" aliuliza. Mize alisema imekwisha. Lakini juma lile lile tangazo lilipita mitaani: kwa kuwa ulevi umeingia hata kwa matabibu, mstari utapunguzwa upana uwe wa vidole viwili, na kila mtu ataupita, si wenye cheo tu. Wauza mboga, wajawazito, wazee. Atakayeanguka hatasikilizwa Ukutani mwaka mzima.

Ngwali alikuja nyumbani kwao siku ya tatu baada ya tangazo, mchana, bila kalamu. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa upande wa kulia wa Mize na kuanza kusema. Mize hakugeuka. Alichambua mchele akamwacha aseme. Alimwona kwa pembe ya jicho akifungua na kufunga mdomo, akinyoosha mikono, mara akijifuta machozi, na hakusikia chochote ila nyenje. Hakujua furaha ya namna ile ilikuwepo duniani. Alichambua mchele wote. Kisha akasimama, akageuza kiti chake, akaketi tena na sikio la kushoto mbele.

"Sasa anza," alisema.

"Nilisema nilijua," alisema Ngwali.

"Ulijua nini?"

"Mwaka wa nne. Niliona macho yako na unavyoanguka, nikajua kuna kitu kinasukuma huko ndani. Niliandika hivyo. Nikapeleka faili kwa Mkuu."

"Akasema nini?"

"Akaniuliza kama umeanza kutosikia malalamiko. Nikasema nusu hivi huyasikii. Akasema, basi muache. Msikiaji asiyesikia nusu ni bora kuliko wote waliowahi kukaa pale." Ngwali aliitazama mikono yake. "Kisha ukaanza kuwaambia watu warudie. Ndipo akanituma niseme vile Siku ya Mstari."

Mize alitarajia hasira ipande, lakini ilisimama tu ilipokuwa, ikageuza uso, ikatazama mahali pengine. Kwa miezi yote ile alikuwa ameulenga mkono tu, na mwenye mkono ameketi kitini mwisho wa mstari, na yeye, Mize, amemkabidhi mstari mwembamba zaidi.

"Umekuja nikusamehe?"

"Nimekuja useme kweli. Sinywi, Bi Mize. Wanangu wananinusa."

"Sikusamehe," alisema Mize. "Hilo lisahau. Lakini nitasema kweli, na wewe utasema yako, uani, mbele yake. Na nitakumwagia tena."

"Nini?"

"Maji. Utalala pale pale. Utaanguka tena mbele ya watu wote, na mara hii watajua kwa nini."

"Ataniua."

"Huenda. Nakungoja siku mji mzima utakapopita mstari, saa nne."

Alikuja. Hakuwa jasiri, lakini alikuja. Ua lilijaa hadi juu ya kuta, kwa kuwa siku ile ndiyo ilikuwa zamu ya mji mzima, na bibi mmoja muuza mchicha alikuwa ameshaanguka, ameketi kando akilia kwa aibu. Mize alipita katikati ya watu akiwa ametanua miguu kama mtu aliye ndani ya mtumbwi, Raya nyuma yake na ndoo ya barafu. Hakwenda kwenye tundu. Alisema kwa mdomo wake, kwa sauti ambayo hakuweza kuipima tena, ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. Alisema mimi ndiye niliyekuwa Msikiaji. Mlisema mambo nusu yake sikuyasikia, na aliyeketi pale alijua. Alisema Tabibu hakulewa, nami sikulewa, na huyu bibi wa mchicha hakulewa.

Kisha Ngwali akalala kwenye kiti, Mize akammiminia, na watu wakaona. Waliona mtu mzima aliyekuja kwa miguu yake akisimama, akisema kwamba faili lilifika kwa Mkuu, na katikati ya sentensi akianguka kulia. Waliona macho yake yakikimbia. Mara hii hakuna aliyecheka. Walisubiri. Dakika tatu. Akainuka akamalizia sentensi.

Mtu mmoja, seremala kwa vumbi lake, akatoka kwenye umati akalala kitini bila kuitwa. "Nimwagie na mimi," alisema. Akaanguka. Muuza mchicha akainuka, akapangusa uso, akamshika mkono seremala mpaka ua lilipomtulia.

Ndipo Mize akajaza kikombe kingine akakipeleka mwisho wa mstari, kwenye kiti. Askari wawili walisogea, kisha wakatazamana.

Mkuu alikuwa mzee kuliko alivyoonekana kwa mbali. "Unataka nini, mama?" aliuliza, kwa upole ule ule.

"Sikio lako, Mtukufu."

"Mimi sipiti mstari."

"Sijasema upite. Nataka tuone tu kama ni zima."

Mkuu alikitazama kikombe, jasho la barafu likitiririka kwenye vidole vya Mize. Akatazama watu. Kisha taratibu, kama mtu anayetaka kujikuna, aliinua kiganja akafunika sikio lake la kulia, na baada ya kufikiri kidogo akainua na cha pili akafunika la kushoto. Akabaki hivyo, viwiko nje, mbele ya mji mzima.

Mize alivuta kigoda cha muosha masikio akakiweka mbele ya miguu yake, akaketi, kikombe juu ya goti.

"Nitangoja mikono ichoke," alisema.

Jua lilipanda. Watu hawakuondoka. Barafu ilipoyeyuka kikombeni, Mize alikimwaga juu ya chokaa, akamgeukia mdogo wake.

"Raya, nenda kwa wauza samaki. Waambie wakupe nyingi."